Mkono wa Kushoto wa Titosse

Albertina alikuwa akitwanga karanga za kutia kwenye kisamvu, marimba ya mumewe ilipoanza kulia yenyewe. Ilikuwa imetundikwa ukutani chini ya upenu, pale pale Titosse alipoiacha alipokwenda Joni kwenye migodi ya dhahabu, na kwa sababu ilikuwa imetundikwa, vibuyu vyake viligonga ukuta na sauti ikawa inakwaruza. Albertina aliendelea kutwanga mpaka karanga zikalainika. Kisha akajifuta mikono kwenye kitenge, akaitungua marimba, akailaza juu ya mkeka kivulini na kurudi kukuna nazi. Sauti ikawa nzuri zaidi.

Mama mkwe wake, bibi Nwasaute, alikuwa amekaa kizingitini akimenya mihogo. Alisikiliza kidogo, kisu kikiwa kimesimama hewani.

"Huyo ni mwanangu," alisema. "Sikia mkono wa kushoto unavyotangulia."

"Nimesikia, mama."

"Tangu mdogo. Nilikuwa nauchapa makofi asile nao. Matokeo yake ukawa na kiburi."

"Basi amefika salama."

"Kufika amefika," alisema bibi Nwasaute, akaendelea kumenya.

Kwetu Zavala wakati huo mwanamume alikuwa na njia mbili. Ama alijiandikisha kwa wakala wa migodi, akapanda lori kisha treni mpaka Joni, ama alingoja askari wa Mreno waje wamkamate wampeleke kuchimba barabara bure. Wengi walichagua Joni, maana waliotoka huko angalau walirudi na blanketi. Titosse Nhampossa naye alichagua hivyo. Aliondoka ngoma mpya ikiwa imefika nusu. Alikuwa amekwisha kutunga mwanzo wake, na sehemu ya katikati ambapo wachezaji wanaingia na ngao, lakini mwisho ulikuwa haujamjia. Asubuhi ya kuondoka alimwambia mkewe kwamba mwisho angeutafuta huko huko.

Jioni ya siku ile alikuja Chivune, aliyekuwa kiongozi wa wapiga marimba na ndiye aliyeziunda karibu zote za upande ule. Habari alikuwa amezipata njiani. Alipiga magoti mbele ya mkeka, akatazama vibao vikitetemeka kimoja baada ya kingine, akagusa nta inayoshika vibuyu kuona kama imepasuka.

"Chombo kizima," alisema. "Ila anapiga kavu. Anapiga kama mtu aliyevaa viatu."

"Amevaa," alisema Albertina. "Wanavalishwa viatu vya mpira, hadi magotini."

"Basi ndiyo hiyo. Hapa alizoea nyayo mchangani na upepo wa bahari mgongoni. Na huko wanakula nini?"

"Uji wa mahindi, nasikia. Na nyama Jumapili."

Chivune aliinamisha sikio. "Leo hajala nyama," alisema.

Kuanzia hapo marimba ililia kila siku, jua likiinama upande wa maziwa ya chumvi, saa ambayo wanaume wa Joni hutolewa chini ya ardhi. Jumapili ililia tangu asubuhi. Watu walizoea upesi. Siku za mazoezi, Fabião, mdogo wake Titosse, aliyekuwa mchezaji wa mstari wa mbele, alikuja kuibeba begani ikiendelea kulia, akaipeleka uwanjani na kuiweka mahali pake katikati ya safu. Nyuma yake waliweka kigoda cha Titosse. Mtu hakukikalia. Chivune alipotaka ngoma ianze alikuwa akigeukia kile kigoda na kuinua nyusi, kama alivyofanya siku zote, na marimba iliitika.

Habari zilifika kwa mkuu wa utawala, aliyependa sana ngoma zetu na kuwaleta wageni wake waje kutazama. Siku moja alituma askari wawili. Walimkuta Albertina anafua.

"Mumeo yuko wapi?" aliuliza mkubwa wao.

"Joni."

"Mbona anasikika?"

"Anasikika, lakini yuko Joni."

Askari alikaa juu ya kinu, akasikiliza wimbo mzima, akitikisa mguu. Alikuwa mtu wa upande wa Inharrime na marimba aliijua vizuri. "Anapiga vizuri huyu bwana," alisema. Halafu akaeleza kwamba kwa mujibu wa amri, mwanamume anayesikika kijijini anahesabiwa yupo kijijini, na mwanamume aliyepo kijijini ana sehemu yake ya shamba la pamba la serikali. Kwa kuwa mwenyewe alikuwa na shughuli, mkewe angemlimia.

"Pamoja na sehemu yangu?"

"Yako ni yako, dada. Hii ni ya shemeji."

Albertina akawa analima sehemu mbili. Jembe alilishika kwa mkono wa kushoto mbele, kama alivyofundishwa na mama yake, na mwisho wa msimu ule bega lake la kushoto lilikuwa limejaa kuliko la kulia, hata blauzi zikawa zinambana upande mmoja.

Alikuwa akirudi kutoka shambani mapema makusudi. Alinawa, alikaa karibu na marimba, akaweka kiganja juu ya kibao kinene cha upande wa kushoto, kile Titosse alichokipenda, kikatetemeka mkononi mwake kama kifua cha mtu anayenguruma usingizini. Wakati mwingine alimweleza habari. Kwamba mbuzi amezaa. Kwamba Fabião anamzungukia binti wa Nhachale na hana haya. Marimba haikujibu, lakini aligundua jambo. Akichoma korosho karibu, wimbo ulitulia mahali pamoja, ukawa unazungukazunguka hapo hapo, kama mtu anayesita mlangoni. Akimwagia maji mchanga wa uani, harufu ile ya mvua ya kwanza ikapanda, mkono wa kushoto ulipunguza haraka na vibao vikaanza kulia kwa unyevu wa nyumbani. Basi akawa anamwaga maji kila jioni. Kisima kilikuwa mbali, na bibi Nwasaute alimwona na kumwacha.

"Unampikia mtu harufu," alisema siku moja.

"Mama, ningempikia nini kingine?"

"Sikukukataza. Nimesema tu. Kesho nami nitachota."

Ngoma yenyewe ilikuwa ikibadilika. Mwendo wake ulianza kutetemeka kwa namna ambayo wachezaji hawakuwahi kuijua, mtetemo mfupi mfupi usiokatika, unaoingia kwenye viwiko na kupanda mpaka kwenye meno. Waliokuwa wamekwenda Joni wakarudi walijua ni nini. Ulikuwa mtetemo wa mashine ya kutobolea mwamba, ambayo mtu huishika kifuani kutwa nzima na usiku huendelea kuishika kitandani. Vijana waliucheza kwa sababu ulikuwa mzuri. Walipomaliza walikuta nywele zao zina vumbi la kijivu, na kope, na mikunjo ya shingo. Walikohoa, wakacheka, wakaenda kuoga ziwani. Asubuhi wanawake walifagia uwanja, vumbi lile wakalizoa kwa ungo na kulitupa mbali na mboga, maana kila lilipomwagwa hapakuota kitu.

Chivune alikuja na kisu chake cha kukwangulia vibao.

"Shemeji, nataka nimlegeze kidogo," alimwambia Albertina. "Nikipunguza huku chini ya kibao, sauti itashuka, itakuwa ya kwetu tena. Vijana wanakohoa."

"Ukimkwangua hapa, kule unamkwangua wapi?"

Chivune alifikiri. Alikuwa fundi mwaminifu. "Hilo silijui," alisema, akarudisha kisu mfukoni.

Ilikuwa siku ya ngoma kuu, baada ya mavuno ya korosho, watu wamejaa na mkuu wa utawala amekaa kwenye kiti chake cha turubai, ndipo mkono wa kushoto uliponyamaza. Wachezaji walikuwa wameinua ngao. Mkono wa kulia uliendelea peke yake mapigo machache, ukiwa hauna pa kushika, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Nao ukanyamaza. Chivune aliinua nyusi kuelekea kigodani, akazishusha. Marimba nyingine zilimaliza wimbo. Mkuu wa utawala alipiga makofi.

Albertina alikuwa amesimama na wanawake wenzake. Aliushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko, akakaa hivyo mpaka watu wakatawanyika.

Msimu ule marimba haikulia. Albertina aliendelea kumwaga maji uani na kuchoma korosho. Mihogo ilichimbwa, mingine ikapandwa. Siku moja, jua limeinama, vibao vya upande wa kulia vikaanza. Vilianza kwa woga, kimoja, kikaacha, kingine. Halafu ukaja wimbo, ule ule, nusu yake. Upande wa kushoto vibao vilikaa kimya na vumbi juu yake.

Bibi Nwasaute alisikiliza amekaa kizingitini. Alipomaliza kusikiliza alisema, "Nilikuwa nauchapa makofi," akaingia ndani.

Albertina alivuta kigoda. Akachukua kigongo kimoja cha kupigia kutoka kwenye upenu, kile chenye kichwa kikubwa cha mpira, akaketi upande wa kushoto wa marimba na kuanza kutafuta. Wimbo aliujua. Alikuwa ameushika kwa kiganja jioni nyingi kuliko alizokuwa ameushika kwa masikio. Hata hivyo alikosea sana, na kila alipokosea mkono wa kulia ulisimama kumngoja.

"Mwanamke hakai mbele ya marimba," bibi Nwasaute alisema kutoka ndani. "Matiti yatakauka."

"Yakauke, mama. Namnyonyesha nani?"

Yeye na Titosse walikuwa wameoana miaka na miaka, na katika miaka hiyo Joni ilimchukua Titosse, ikamrudisha, ikamchukua, na mtoto hakupata nafasi ya kutungwa.

Chivune aliposikia, alikuja kukataza. Ulikuwa wajibu wake. Alisimama uani mikono nyuma, akasubiri akosee amkatize, lakini siku ile Albertina hakukosea sana, na yule mzee akajikuta anasahihisha badala ya kukataza.

"Unamfuata," alisema. "Usimfuate. Mkono huo haujawahi kumfuata mtu. Tangulia, yeye atakuja."

"Nikitangulia nitampoteza."

"Hutampoteza. Shika kama unavyoshika jembe."

Alishika kama jembe. Bega la pamba likafanya kazi. Kibao kinene kililia mpaka kuku wakatoka chini ya ghala, na mara moja baada yake mkono wa kulia ukaingia, haraka, umejaa, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni. Albertina alicheka kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ya ngoma kuu. Walipiga mpaka giza likaingia, naye aliposimama alikuwa na michubuko pajani, pale fremu ya marimba ilipomgonga, na hakuruhusu mtu aipake dawa.

Ngoma kuu iliyofuata alikaa kwenye safu. Wapiga marimba wawili wa jirani walisogeza vigoda vyao apate nafasi, mmoja akamwambia, "Shemeji, angalia kiwiko chako, kitaniua," na hayo ndiyo yote yaliyosemwa. Albertina alipiga nusu ya kushoto. Nusu ya kulia ilijipiga. Katikati ya wimbo palikuwa na mahali ambapo mikono miwili hukutana kwenye kibao kimoja, na hapo Albertina alikuwa akihisi joto, kama la mtu aliyetoka kushika kitu hicho hicho. Kila alipokaribia mahali hapo alitamani pasifike, na kila alipopapita alitamani warudie tangu mwanzo.

Kisha nusu ya kulia nayo ikanyamaza, na siku ya tatu lori likamshusha Titosse njiapanda.

Alikuwa na blanketi, sanduku la mbao, na shati la mikono mirefu ambalo mkono wake mmoja ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alitembea polepole, anasimama kila alipofika kwenye mti ili avute pumzi. Albertina alimpokea sanduku.

"Umerudi."

"Nimerudi."

"Na mkono?"

"Uko chini," alisema Titosse. "Waliniambia hautoki. Jiwe lilikuwa kubwa."

Bibi Nwasaute alimtazama mwanawe, akaenda kumtilia chakula. Alimwekea bakuli upande wa kulia. Titosse alikula kisamvu chote na kulamba bakuli, na mama yake akamtilia kingine.

Jioni Albertina alimwagia uani maji, akatandika mkeka, akaweka vigoda viwili. Titosse alikaa. Alichukua kigongo chake, akashusha pumzi iliyokuwa na mchanga ndani, akapiga.

Kibao kilitikisika. Hakikulia.

Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Kila mtu aliona kibao kikiruka kwenye kamba yake, na kuku mmoja aliyekuwa karibu akasogea, lakini sauti haikutoka. Fabião alikimbia kumwita Chivune. Chivune alikuja, akakagua nta, vibuyu na utando wa kila kibuyu, akachukua kigongo na kupiga mwenyewe. Marimba ililia vizuri. Akamrudishia Titosse. Kimya.

"Inalia huko," alisema Titosse, na hakuonekana kushangaa. "Huko nako ilikuwa hivyo hivyo. Tunalala kwenye vitanda vya zege, kama rafu, mtu juu ya mtu. Nikitoka chini nilikuwa nagonga ukingo wa kitanda changu kwa vidole. Haukutoa sauti hata kidogo. Wenzangu wakaniambia, Nhampossa, unafukuza kunguni? Nikawaambia napiga. Sikujua kama inafika."

"Ilifika," alisema Albertina.

"Yote?"

"Yote. Hata vumbi."

Titosse aliangalia uwanja uliofagiwa. "Kulikuwa na harufu ya korosho," alisema. "Nilidhani naumwa."

Baada ya hapo Albertina alivuta kigoda chake, wakapiga pamoja. Hewani ilisikika nusu ya kushoto tu, na waliokuja kusikiliza walisikiliza nusu hiyo. Mwanamume mmoja aliyerudi kutoka Joni baadaye kidogo alithibitisha yaliyobaki. Alisema kitanda cha Titosse, ambacho sasa kilikuwa cha mtu wa Chibuto, hulia kila jioni, mkono wa kulia peke yake, na wanaume wa vyumba vyote huja kukaa sakafuni. Kwa hiyo hapakuwa na mahali popote duniani ambapo wimbo mzima ulisikika. Waliojua ulivyo walikuwa wawili, nao waliujua kwa mapaja yao, kwa sababu fremu iliwalalia wote na kutetemeka kwa mapigo ya pande zote mbili. Usiku Titosse alikohoa, Albertina akamshikilia mgongo, na hata kwenye kikohozi aliweza kusikia ule mwendo.

Mwisho wa ngoma ulimjia Titosse siku zile, bila kuutafuta. Ulikuwa mfupi. Chivune alisema ni mzuri, ingawa alikuwa amesikia nusu.

Lori la wakala lilikuja korosho zilipokwisha. Wakala alikuwa mtu wa maneno, anajua majina ya ukoo wa kila mtu. Alisimama juu ya tela na kueleza alichokuwa akieleza kila mwaka, habari za blanketi, nyama ya Jumapili na viatu vya mpira. Halafu akaongeza jambo jipya.

"Na sasa, ndugu zangu, hata ile hamu ya nyumbani imetafutiwa dawa. Kule kambini kuna marimba ya Zavala. Kila jioni! Inapigwa na mtu wa hapa hapa, mnamjua wenyewe. Mtu anatoka kazini, anakaa, anaburudika, kama yuko kwa mama yake."

Vijana waliangaliana. Kwao walikuwa wakisikia nusu ya kushoto tangu Titosse arudi, na nusu nyingine walikuwa wameikosa sana. Walijiandikisha wengi kuliko mwaka uliopita. Fabião alikuwa wa nne.

Alikwenda kumuaga kaka yake. Alimkuta uani.

"Unakwenda kufuata nini?" Titosse alimuuliza. "Si umeniona?"

"Nimekuona, kaka. Lakini nisipokwenda askari watanichukua kuchimba barabara tu. Na kule nitakusikia."

"Hapa hunisikii?"

"Hapa nakuona," alisema Fabião. "Nilikuwa nacheza kwa mkono ule wa kulia, wewe unajua. Miguu yangu imekaa bure."

Lori lilipoondoka, bibi Nwasaute alichukua kigongo cha mwanawe, akakifunga kwenye kitambaa na kukitia sandukuni.

"Hutapiga tena," alisema. "Ukipiga unamwita ndugu yako. Unawaita watoto wote wa watu."

"Nimekusikia, mama," alisema Titosse.

Hakupiga. Jioni alikaa na Albertina bila kazi, mkono wake umelala pajani, vidole vikitikisika kidogo kama miguu ya mbwa anayeota. Albertina naye hakupiga. Nusu ya kushoto peke yake, alisema, ni kumwita mtu ambaye umekaa kando yake. Nyumba ikawa kimya mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuuliza kama kuna msiba.

Lakini lori lililofuata lilijaa kama la kwanza, na wakala alitaja marimba vile vile, ingawa haikuwa ikilia tena. Askari nao walikuja, wakawachukua waliosalia kwenda barabarani. Titosse aliyatazama hayo kutoka kigodani kwake na hakumwambia mama yake neno, na mama yake aliona kwamba ameyatazama.

Kisha akarudi mtu wa Mavila, mwenye kikohozi, akiwa na salamu za Fabião. Alipewa maji, akapewa karanga za kuchoma, akasema alichotumwa.

"Fabião hajambo. Anasukuma vitoroli. Anasema, kaka mbona umenyamaza? Tangu kitanda kinyamaze watu hawalali. Mtu asiyelala akishuka chini anakosa mguu. Wameshaanguka wawili." Alitafuna kidogo. "Anaomba upige. Ila anaomba upige polepole, kaka. Tukitoka chini tumechoka, na wewe unapiga kama uko nyumbani."

Watu wote uani walimtazama bibi Nwasaute. Alikuwa akichambua mchele. Aliuchambua mpaka ungo ukaisha, akasimama, akaingia ndani. Sanduku lilisikika likifunguliwa. Alirudi na kile kigongo kwenye kitambaa chake, akakiweka kwenye mkono wa mwanawe na kukunja vidole vyake juu yake, kimoja kimoja.

"Polepole," alimwambia. "Umesikia? Mdogo wako amechoka."

Titosse alipiga polepole. Albertina, ambaye mkono wake haukuwahi kumfuata mtu, ilibidi ajifunze upya kutangulia kwa mwendo wa watu waliochoka. Ilimchukua muda. Wachezaji nao, waliobaki, wengi wazee na wanawake, walipunguza hatua zao ili zilingane na nusu waliyoisikia, wakawa wanainua ngao taratibu na kuzishusha taratibu, kama watu wanaotembea ndani ya maji.

Ndivyo ngoma ile inavyochezwa mpaka leo. Waliozaliwa baadaye hawajui kwamba iliwahi kuwa ya haraka. Wageni wanaoletwa kuitazama huvutiwa sana na ule utaratibu wake, huuliza maana yake ni nini, na huambiwa kwamba ndiyo desturi ya watu wa hapa. Kisha wanapanda gari lao kurudi mjini, na kwenye njia nyembamba ya mchanga hulazimika kusogea pembeni kulipisha lori la wakala.